Mapigo ya Mchangani

Nilimpiga mama yangu mzazi, mchana kweupe, kijiji kizima kikitazama. Nimeanza na hilo makusudi, ili anayetaka kuguna agune sasa amalize, tuendelee.

Ilikuwa Jumapili, siku moja baada ya Krismasi, ule mwaka ambao ardhi ilipasuka chini ya bahari huko mbali upande wa Indonesia, na maji yakaondoka pale kwenda kuua watu nchi baada ya nchi. Kwetu huku Kwale yalifika yamechoka. Nikiwafikiria waliokufa kule, naona haya kusimulia habari yangu na mama. Lakini kila mtu husimulia pale tetemeko lilipomfikia. Mimi lilinifikia mwambani, nimeshika chuma mkononi, na mama yangu ameinama mbele yangu.

Kijiji chetu kiko kati ya Gazi na Msambweni. Wanawake wa kwetu huchokoa pweza. Bahari ikipwa tunashuka mwambani, hasa siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji yanapotoka mbali kuliko siku zote. Kila mmoja ana chuma chake cha kuchokolea, na kila mmoja ana mashimo yake. Mgeni haamini nikimwambia, lakini mashimo yale yana wenyewe. Ukimtoa pweza leo, baada ya siku kadhaa mwingine ameingia mle mle, kwa hiyo shimo zuri ni mali, na mama akichoka humwachia bintiye. Ukichokoa shimo la mwenzio umetangaza vita. Nimeona wanawake wazima, wenye wajukuu, wakivutana nywele katika maji ya magoti kwa sababu ya tundu la jiwe.

Mama yangu alikuwa mbabe wa kazi ile. Alikuwa mfupi, mkavu, mwenye sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya mto. Maji aliyajua bila saa. Angekuwa jikoni anakuna nazi, aseme tu, "Yamegeuka," na ukienda kutazama unakuta kweli yamegeuka. Wavuvi wanaume walikuwa wakimuuliza yeye. Na akishasema jambo la bahari, basi, usimwongezee neno.

Mimi nilikuwa mwaka wa pili nimerudi nyumbani na talaka yangu. Mume wangu alikuwa akiuza mitumba Kona ya Musa, Ukunda, lakini nyumba yetu ilikuwa kijiji cha pili tu kutoka kwa mama. Wateja walimpenda, mcheshi, maneno asali. Akifunga duka akaja nyumbani ni kipigo. Nilimkimbia mara tatu. Mara ya kwanza jicho langu moja lilikuwa limefumba. Mara ya pili nilikuja na jino langu nimelifunga kwenye ncha ya leso. Mara ya tatu mgongo wangu ulikuwa umepasuka kwa mshipi wa suruali. Mara zote tatu mama alinipa chai, akanikanda kwa maji ya chumvi, kisha akanirudisha yeye mwenyewe, amenitangulia njiani. "Subira, mwanangu. Watu watasema nini?" Watu! Kana kwamba hao watu ndio waliokuwa wakilala na yule bwana. Mwisho yule mume alinivunja mkono wa kulia, na safari hiyo sikwenda kwa mama, nilikwenda kwa mjomba wangu, ndugu yake mama, naye akanipeleka kwa kadhi nikapata karatasi yangu.

Mama akanipokea. Hakusema pole. Alinipa chuma, akanionyesha mashimo matatu ya kuanzia, tukawa tunashuka pamoja. Mkono wa kulia ulikuwa umeunga vibaya, nikajifunza kuchokoa kwa kushoto. Kila bamvua nilimfuata nyuma, nikiutazama mgongo wake. Nilikuwa na hasira naye ambayo sikuwa na pa kuiweka, na sikujua ilikuwa kubwa kiasi gani mpaka Jumapili ile.

Tulishuka saa tatu asubuhi, wanawake kama sita. Bamvua ilikuwa kubwa, kazi ilikwenda vizuri. Karibu na adhuhuri maji yakageuka, yakaanza kujaa kama kawaida, nasi tukageuka kurudi pwani, vikapu mabegani, maji yakitufika vifundoni na baadaye kwenye ugoko. Tulikuwa tukisengenya, kama kawaida yetu. Ghafla maji yakasimama. Halafu yakaanza kurudi baharini.

Hayakurudi polepole. Yalikimbia. Niliusikia mchanga ukivutwa chini ya nyayo zangu, nikayumba. Majani ya baharini yote yalilala upande mmoja. Muda wa mtu kutawadha tu, na tayari tulikuwa tumesimama pakavu, na mwamba umeanikwa mpaka mahali ambapo hakuna kati yetu aliyewahi kupaona. Samaki walikuwa wakirukaruka kwenye matope. Ngalawa mbili zilizokuwa zikielea nyuma yetu zililala ubavu.

"Lo!" akasema mmoja. "Saa ya maji kujaa hii. Yaenda wapi tena?"

Mama alicheka. Wallahi, alicheka kama msichana. "Shimo la bibi yenu!" akasema.

Tulilijua shimo hilo kwa hadithi. Bibi yangu aliliona mara moja katika maisha yake, bamvua moja ya zamani, kwenye ukingo wa nje kabisa wa mwamba. Alikuta mle pweza mkubwa wa kujaza karai la kufulia, akamshika, akamkosa, maji yakajaa. Alimwachia mama habari tu, hakumwachia shimo. Sasa ukingo ule ulikuwa wazi mbele yetu, unang'aa. Mama akatupa kikapu chake mchangani, akashika chuma, akarudi mbio. Wenzetu nao wakafungua leso zao wakaanza kuokota samaki. Mtu asiyeijua bahari angekimbilia nchi kavu. Sisi tuliijua, kwa hiyo tuliifuata. Tulidhani ni bamvua juu ya bamvua, riziki imetushukia.

Hapo ndipo nilipomsikia mpangaji wa jirani yetu. Alikuwa mtu wa bara, mpishi katika hoteli moja ya Diani, mtaratibu, Jumapili hakosi kanisani. Bahari aliiogopa. Alikaa kwetu miaka miwili na sikuwahi kumwona akilowesha hata kidole. Siku hiyo alikuja mbio pwani, simu mkononi, akipiga kelele.

"Mathe! Tokeni huko! Nimepigiwa saa hii kutoka kazini! Wazungu wote wametolewa bichi! Maji inakuja, si mchezo! Wasee, tokeni!"

Wenzangu wakamcheka. "Mtu wa bara atufundisha bahari!" "Rudi ukakaange mayai, kaka!" Mimi pia nilicheka. Kisha nikamwona akiingia. Aliingia mwambani na viatu vyake vyeusi vya kanisani na suruali yake ya pasi, anateleza, anaanguka, anainuka, huku bado anatupungia. Kicheko kikanikauka. Yule bwana kuingia baharini na viatu! Huo si mzaha.

Nikageuka kutazama nje. Mbali, pale bahari ilipokuwa imekwenda, niliona mstari mweupe. Ulianza upande wa Msambweni ukaishia upande wa Gazi.

"Kimbieni!" nikawaambia wenzangu, na safari hii hakuna aliyecheka. Walikimbia, samaki wakidondoka kwenye leso. Mimi nikakimbia kuelekea upande mwingine, kwa mama.

Nilimkuta amelala kifudifudi kwenye ukingo, mkono wake umeingia shimoni mpaka begani. Pweza alikuwepo. Amemkamata mkono kwa mikia yake, anamvuta, naye anavuta, anahema, macho yamemtoka.

"Mama, maji yaja!"

"Nyamaza. Nipe chuma chako."

"Mama, tazama nje! Tazama!"

Hakutazama. "Mimi ndiye nakuambia maji yaja lini," akasema. "Huyu, mama yangu alimkosa. Mimi simkosi. Nipe chuma!"

Nilimshika kiuno nikamvuta. Akanipiga teke la tumbo. Nikamvuta tena, akaniuma mkono, wallahi aliniuma, alama ilikaa wiki nzima. Mvumo ulishaanza kusikika, mzito, unaingia mpaka kwenye meno. Basi nikanyanyua kile chuma nikamchapa nacho mgongoni. Akalia, "Wee!" lakini hakuachia. Nikamchapa mara ya pili, kwenye mkono, juu ya kiwiko, palepale mikia ya yule mnyama ilipoishia. Mkono ukalegea. Nikamshika nywele, kwa sababu ndizo zilizokuwa karibu, nikamvuta, leso ya kichwani ikaanguka. Nikamburura juu ya matumbawe, yeye akinilaani, miguu yetu ikikatika, fuma, wale wadudu wa miiba wa baharini, wakituchoma nyayo.

Wengi hufikiri wimbi lile lilikuwa ukuta, kwa sababu ya picha za televisheni. Kwetu halikuwa ukuta. Lilikuwa mto uliokosea njia. Lilikuja la rangi ya matope, linachemka, likiviringisha majani na vipande vya mbao, likatupiga nyuma ya magoti na mara tukawa chini. Nilijibamiza kwenye jiwe nikasikia ubavu unalia. Chuma kikanitoka. Nilikuwa nimemshika mama ukosi wa gauni, na nikajiambia nitauachia ukosi huu nikiwa nimekufa. Tukaviringishwa. Nilimeza maji, nikamwona mama kwa chini ya maji mdomo wazi. Kisha mkono ukanishika mkono, mkono wa mwanamume, ni yule mpishi, maji yamemfika kifuani na anasali kwa sauti ya juu kwa lugha ya kwao. Alituvuta. Sijui alivyoweza. Alituvuta mpaka mchangani, juu kabisa penye minazi, tukaanguka wote watatu.

Laiti hadithi ingeishia hapo, ningekuwa binti aliyemwokoa mamaye, na ningeisimulia kwenye harusi za watu.

Watu walikuwa wamekusanyika. Mama aliinuka kwanza. Kichwa wazi mbele ya wanaume, gauni limepasuka ubavuni, damu miguuni, mkono umeanza kuvimba. Alikohoa maji. Akanitazama. Akasema, kwa ile sauti yake ambayo haijui kunong'ona:

"Mwana laana we. Sasa nimejua kwa nini mumeo alikuwa akikupiga."

Nilimzaba kofi. Halafu nikampiga ngumi ya bega, nikampiga ngumi nyingine ya kifua, akaketi chini kwenye mchanga, nami nikamfuata pale chini nikaendelea. Sijui mara ngapi. Nilikuwa napiga kwa mkono wa kulia, ule uliovunjika, na unaniuma, na maumivu yale yalinipendeza. Naona aibu kuandika hivyo lakini ndivyo ilivyokuwa. Mpishi akanikumbatia kwa nyuma akaniondoa juu yake.

Mama hakulia. Alijifunika kichwa kwa leso aliyopewa na mtu. Akasema polepole, ili kila mmoja asikie: "Sina radhi nawe. Mungu ni shahidi na nyote ni mashahidi. Sina radhi nawe."

Wanawake wakaanza, "Astaghfirullahi, mama fulani, usiseme hivyo." Alikuwa ameshasema.

Bahari siku ile haikutulia mpaka magharibi. Ilijaa, ikapwa, ikajaa tena, hapo hapo, kama imerukwa na akili. Ilizipasua ngalawa zile mbili kwenye mwamba, ikang'oa nyavu, ikaingia mikokoni kule Gazi na kutoka na matope. Askari walikuja wakawafukuza watu pwani. Usiku redio ilisoma majina ya nchi, na baada ya kila nchi idadi ya wafu, na idadi ilikuwa ikipanda kila taarifa. Wazee walisikiliza wakitikisa vichwa. Siku kadhaa hakuna mvuvi aliyeshuka, na hata walipoanza kushuka, walikuwa wakitazama nyuma.

Lakini kijijini kwetu hakufa mtu. Maji hayakufika hata mlangoni kwa mtu. Na hapo ndipo maneno yalipoanza. Kumbe ni maji ya kifua tu! Amempiga mamaye kwa maji ya kifua! Kama yangeichukua nusu ya kijiji, Mungu anisamehe, ningesamehewa siku ile ile. Hayo ya maji ya kifua niliyasikia kisimani nami nimesimama pale na ndoo yangu.

Nikahamia Ukunda. Nilipata kazi ya kufua mashuka katika hoteli, na mashuka yalikuwa machache, maana wageni waliogopa bahari msimu ule. Lakini nilikaa. Jina lilinifuata. Waliniita Sunami. Kona ya Musa kulikuwa na mama mmoja muuza viazi karai ambaye kila nikipita husema, "Mpisheni Sunami, asije akampiga na mama wa mwenzie." Siku moja nilimrudia. Nikachukua beseni lake la unga uliokorogwa nikammwagia kichwani. Akanishika shungi, nikamshika shingo, tukaangukia meza ya muuza simu, chaja zikatapakaa. Watu walishangilia, makanga wa matatu wakapiga miluzi. Nilitoka pale na shavu limechanika, unga wa manjano mwili mzima, na ningali nataka kupigana.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa. Mtu asiye na radhi ya mzazi huwa anasubiri kuadhibiwa. Nikiugua malaria, ni radhi. Nikiachishwa kazi, ni radhi. Nilipata mchumba, mtu mwema, wazazi wake wakauliza habari zangu kijijini, mchumba akaacha kunipigia simu. Ni nani atakayeoa laana?

Niliomba. Msidhani sikuomba. Nilimtuma mjomba. Nilimtuma imamu. Nilituma mbuzi, akarudishwa akiwa mzima, na kamba yake. Nilikwenda mwenyewe, nikapiga magoti mlangoni, nikasema, "Mayo, nisamehe." Mayo ndiyo mama kwa Kidigo chetu, na tangu nikue sikuwa nimemwita hivyo. Kila mara jibu lake lilikuwa moja.

"Yale mapigo ya mchangani yalikuwa ya nini?"

"Nilikuokoa, mayo."

"Najua uliniokoa. Ya mwambani nimeyaelewa, na ya mwambani sikudai. Nakuuliza ya mchangani."

"Nilikuwa na hofu. Nilichanganyikiwa."

"Rudi ukafikiri," husema, na kufunga mlango.

Ningemwambia nini? Ningemwambia ukweli ningekuwa namshtaki, na mtu haendi kuomba radhi kwa mashtaka. Kwa hiyo niliendelea na hofu yangu na kuchanganyikiwa kwangu, mwaka baada ya mwaka, naye akaendelea kunirudisha. Alikuwa bingwa wa kunirudisha, yule.

Kisha miaka michache iliyopita, jioni moja baada ya Isha, nilikuwa nimekaa Ukunda nakunja nguo, kitanda kikatembea. Vyombo kabatini vikagongana. Taa ikayumba. Halikuwa tetemeko kubwa, lilitoka upande wa Tanzania, hata ukuta haukupata ufa kwetu, lakini mtaa mzima ulitoka nje, watoto wamebebwa, na mtu mmoja akapaza sauti, "Sunami!" Kwa mara ya kwanza si mimi aliyekuwa akiitwa. Nilisimama barabarani na wazo moja tu kichwani: mwanamke yule yuko peke yake, mita chache kutoka baharini, miguu yake imevimba hawezi kukimbia, na nikimkosa safari hii ndiyo basi tena.

Maji hayakuja. Asubuhi nikapanda gari la kwanza.

Nilimkuta uani, ameketi kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, anachambua mchele. Alikuwa amezeeka ghafla, au mimi ndiye niliyekuwa sijamtazama. Nikasema shikamoo. Akaitikia marahaba. Sikupiga magoti. Niliketi mbele yake, nikaushika ule ungo nikauweka kando.

"Nimekuja na jibu," nikasema. "Utanifukuza, lakini nimekuja nalo. Ya mchangani hayakuwa ya maji. Wala hayakuwa ya hofu. Yalikuwa ya zile mara tatu ulizonirudisha kwa yule mume. Ulisema umejua kwa nini alinipiga. Nilikupiga kwa hilo, na nilikuwa na akili zangu timamu, na mkono uliniuma na sikuacha."

Nikasubiri. Sikuwa na hofu tena, nilikuwa nimechoka tu.

Mama alinitazama. Midomo yake ilikuwa ikitikisika kama anahesabu.

"Tatu?" akasema.

"Tatu, mayo."

"Kwa hiyo hujui."

"Sijui nini?"

Akauvuta ungo kwake, akaupakata. Hakuchambua. "Zilikuwa nne," akasema.

Inabidi nieleze hapa. Mwaka wa pili wa ndoa ile nilipata mimba, ikafika miezi mitano. Nilipigwa, nikashikwa na homa kali, nikazinduka baada ya siku mbili kitandani kwa mume wangu, tumbo limelala. Niliambiwa imeharibika usiku, pale pale nyumbani. Kwa maisha yangu yote hivyo ndivyo nilivyojua.

"Ulikuja kwangu," mama akasema. "Alfajiri. Sijui ulitembeaje. Ulikuwa huna fahamu zako, unaita tu mayo, mayo. Damu ilikuwa imeanza kidogo. Nikaona majirani wataamka wakukute. Nikaona mahari ya kurudisha, nikaona kelele. Nikakufunga leso, nikakupakia kwenye baiskeli ya mjombako, nikaisukuma mimi mwenyewe. Nilitaka ufike kwa mumeo kabla hakujapambazuka." Akameza mate. "Ilitoka njiani. Nilimzika mimi, chini ya mkorosho. Alikuwa wa kiume. Kisha nikakufikisha."

Nilimsikia jogoo wa jirani. Nilisikia redio ya mtu.

"Uliponipiga pale mchangani," akaendelea, "nilisema, ameshajua. Nani amemwambia? Miaka yote hii nakuuliza, nikisubiri uyataje, nawe waniletea hofu na mbuzi. Radhi unayo. Ulikuwa nayo tangu jua halijatua siku ile, kinywani tu ndipo ilipokataa. Mimi ndiye nisiye na radhi." Akaniangalia usoni. "Wanipa?"

Mzazi hamwombi mtoto radhi. Kwetu jambo hilo halina hata maneno yake. Nilisimama. Mkono wangu wa kulia ulikuwa juu, sijui ulipanda saa ngapi, na mama yangu aliuona, wala hakujikinga. Alikaa hivyo hivyo, ungo mapajani, uso ameuinua. Alikuwa akingoja.

Sikumpiga. Nilitoka nje ya ua. Nilikwenda kwenye mikorosho, iko mingi njia ile, nikaizunguka yote mpaka jua likawa kichwani, nisijue ni upi. Sikurudi kumuuliza. Kisha nikarudi nyumbani, nikamchambulia mchele uliobaki, nikapika, tukala.

Sikuondoka tena. Mwanzoni nilijiambia nakaa wiki. Kijijini walifurahi, wakasema radhi imepatikana, na wale wale walioniita Sunami wakaniletea ndizi. Mwaka huu mama hainuki. Namwogesha, namgeuza, nampaka mafuta mgongoni, namlisha. Daktari wa zahanati amenivuta kando akaniambia nisiende mbali.

Hajaniuliza mara ya pili. Ni mtu wa kuuliza mara moja. Lakini kila asubuhi nikishika kijiko, ananitazama usoni jinsi alivyonitazama siku ile, na mimi ninalo neno, liko hapa, ni moja tu, na najua sina siku nyingi za kulisema. Jana nilifungua kinywa. Nikamwambia uji umepoa.